Upepo Umo, Maji Hayamo

Jumanne, 5 Agosti

Bahasha ya bima ya nyumba ya Mama imefika leo. Mara ya kwanza kuja kwa jina langu. Mama alikuwa akiisoma mwenyewe, anaikunja, anaitia kwenye droo, basi. Mama hayupo tangu Februari. Nyumba sasa ni yangu na dada yangu Verlie, na anayeishi ndani ni mpangaji wetu, Mjomba Leufroy. Si mjomba wa damu. Kila mtu kando ya mto huu humwita hivyo. Alitengeneza mitambo ya kiwanda cha sukari maisha yake yote.

Kurasa nyingi, maandishi madogo kama sisimizi. Nikaanza na ule wa mbele, wanaouita ukurasa wa matamko. Nimekaa nao jikoni mpaka kahawa ikapoa. Nyumba nzima imo kwenye karatasi moja! Jina langu, jina la Verlie. Siku bima inapoanza na inapokwisha. Mahali nyumba ilipo. Mwaka ambao Babu aliijenga. Kuta: mbao. Mkaaji: mpangaji. Hata umbali wa kituo cha zimamoto. Mtu ambaye hajakanyaga matope yetu, ofisini huko mbali, anajua kuta za Mama ni za mbao. Sijui kwa nini limenigusa hivi. Nilidhani mambo hayo tunayajua sisi tu.

Ila chini kuna mistari ya herufi na tarakimu. Hapo nimetoka kapa.

Alhamisi, 7 Agosti

Baada ya kuwashusha watoto wa shule na kuegesha basi, nimepita kwa Bi. Charlene, wakala wa bima. Nikamwekea karatasi mezani.

"Usiisome kama barua," kaniambia. "Isome kama kibandiko cha chupa ya dawa. Ni ya nani, ya kitu gani, inatibu nini. Halafu tafuta isichotibu."

Tukashuka nayo mstari kwa mstari. Huu ni wa nyumba yenyewe—si bei ya kuiuzia, ni kiasi cha juu kabisa watakachotoa kuijenga upya. Huu ni wa banda la nyuma. Huu ni wa vitu vilivyomo—vyangu na vya Verlie, si vya Mjomba. Vyake akavikatie bima yake. Huu ni wa kodi tutakayoikosa kama nyumba haikaliki. Mama alikuwa akizijua zote hizi, na alikuwa akitupikia mchuzi wa gumbo huku anazijua.

Halafu kimbunga. Kina mstari wake peke yake. Kikija, sehemu ya kwanza ya hasara tunaibeba wenyewe, na sehemu hiyo ni asilimia ya thamani ya nyumba yote, si ya hasara. Nimemwomba arudie. Karudia.

"Kwa hiyo kikila paa tu?"

"Paa peke yake, huenda mkalilipa karibu lote."

"Na maji?"

Kavua miwani. "Upepo umo. Maji hayamo."

Mafuriko ni bima nyingine kabisa, hati nyingine. Mama alikuwa nayo zamani, akaiacha ada ilipopanda. Nimeikata palepale. Lakini haianzi kufanya kazi mpaka mwezi upite. "Omba mwezi uwe mtulivu, kipenzi," kasema, na hakuwa anatania.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempelekea Mjomba Leufroy mkate wa mahindi, nikamweleza kwamba vitu vyake havimo kwenye bima yetu.

"Nina redio, kiti, na suruali ya kanisani," kasema. "Kimbunga kikiitaka suruali, kiivae. Itakipwaya."

Hataki bima. Hataki kusikia. Nimekaa naye barazani. Mbao za Babu, za mti wa saiprasi, kila moja imekatwa kwa mkono kinamasini. Nimezishika leo kama sijawahi kuziona.

Jumatano, 27 Agosti

Kimbunga kimeingia Ghubani, bahari ya kusini kwetu, na kimepewa jina. Verlie kapiga simu kutoka Alexandria, mji wa kaskazini anakoishi: niongeze kinga ya nyumba, leo leo. Nikampigia Bi. Charlene. Haiwezekani. Kimbunga kikishaingia Ghubani, kampuni zote huweka kalamu chini. Hakuna hati mpya, hakuna kuongeza neno. Ukurasa ulivyo ndivyo ulivyo. Na ile ya mafuriko mwezi wake haujatimia.

"Ungeisoma karatasi mapema!" Verlie kasema.

"Mbona wewe hukuisoma?"

Nyumba ni yetu sote.

Alhamisi, 28 Agosti

Naondoka kwenda kwa Verlie. Nimempitia Mjomba, pikapu inanguruma, mlango wazi. Hatoki. "Nyumba hii imeona vimbunga vingi kuliko yule kijana anayetabiri hali ya hewa kwenye televisheni," kasema. Nimembembeleza. Nimemtukana pia. Kanipa mfuko wa njugu za njiani.

Ijumaa, 29 Agosti

Upepo umefika hata huku kaskazini. Simu ya Mjomba haiiti. Verlie anapika wali ambao hakuna anayeula.

Jumapili, 31 Agosti

Sijui niandike vipi.

Tumerudi, mimi na Verlie. Tumefika kwenye kiwanja cha Mama na nyumba haipo. Nguzo za matofali zimesimama kwa mistari yake, juu yake mbingu tupu. Hakuna hata ubao mmoja chini. Verlie kapiga magoti kwenye tope. Mimi nilikuwa namtafuta Mjomba kwa macho, kwenye miti, na namwomba Mungu nisimwone.

Verlie ndiye aliyenyoosha kidole.

Ng'ambo ya barabara, katikati ya shamba la miwa la jirani—nyumba. Imesimama wima. Imegeuka, baraza inatazama kaskazini, mabati ya upande mmoja hayapo, lakini ni nyumba. Mapazia ya Mama dirishani. Na moshi. Moshi wa jiko dogo la mkaa, barazani, na Mjomba Leufroy kando yake anachemsha kahawa.

Tuliisukuma kwa mikono miwa iliyolala, tukamfikia. Verlie alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Ilikuwa alfajiri, kasema. Kwanza upepo ukachomoa mabati, moja baada ya jingine, kama mtu anayechana barua. Halafu ukatulia kidogo. Halafu misumari ikalia. Akahisi sakafu imekuwa nyepesi. Akatazama nje, akaona mwaloni unapita dirishani.

"Nikasema, Leufroy, miti haitembei."

Nyumba ikaenda polepole, kasema, inazunguka, hadi ikakaa yenyewe. "Odelia, nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Nilivua viatu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Niliona vibaya kuwa na viatu."

Nimeingia jikoni. Tope jembamba sakafuni. Vikombe vya Mama vinaning'inia kwenye ndoana zake, vyote. Nimesimama mbele ya vikombe hivyo kama mtu aliye kanisani, mpaka Verlie akanishika kiwiko.

Jumanne, 2 Septemba

Bi. Charlene kapokea taarifa yetu. Kasikiliza hadi mwisho. "Paa ni la upepo, hilo naliona," kasema. "Kuhama kwa nyumba ndiko watakakouliza. Nini kiliifanya ihame, upepo au maji. Kama ni maji, hawalipi."

Verlie anataka Mjomba aseme upepo. Upepo tu, ndio ulioinyanyua. Nani atapinga? Alikuwa peke yake. "Si uongo," kaniambia. "Upepo ndio ulioleta maji."

Hilo ni kweli. Lakini ukurasa hauulizi hivyo.

Na Mjomba keshawasimulia wote waliobaki kando ya mto. Wanakuja kuitazama nyumba, wanavua kofia. Mwenye miwa hajasema neno la shamba lake. Kaleta maji ya kunywa na turubai.

Jumatano, 10 Septemba

Mkaguzi wa hasara anakuja kesho. Verlie kaniambia niende nikaongee na Mjomba. Nimekwenda. Alikuwa ananyoa kwa kioo kidogo, kwa ajili ya mgeni.

"Verlie keshanipigia," kasema kabla sijafungua mdomo. "Na wewe unataka niseme nini?"

Nikafikiria nyumba ikiozea shambani. Nikafikiria Mama.

"Sema ulichokiona," nimemwambia.

Kaendelea kunyoa. "Sijui kama ninajua nilichokiona," kasema. "Lakini nitajaribu."

Sijamwambia Verlie.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika ndani ya pikapu, kando ya shamba. Mkaguzi anaitwa Haskell, katoka Nebraska, mbali na bahari, mtu mpole mwenye buti mpya. Kakagua nguzo zilizobaki kiwanjani. Kapima alama ya tope kwenye kuta, kapiga picha. Paa kaliandika haraka—hapo hana shaka. Ukurasa wa matamko anao mkononi, nakala ileile. Alipofika kwenye mstari wa mahali nyumba ilipo, katazama barabara, katazama miwa.

Kisha kamwomba Mjomba waongee wawili tu. Sisi tukaambiwa tusubiri. Verlie yuko pembeni yangu, kashika rozari, hasali.

Nawaona barazani. Sauti hazifiki. Mjomba kaanza na mabati, naona vidole vyake vinachomoa. Mkaguzi anaandika. Sasa katulia. Sasa kanyoosha mkono, kiganja chini, bapa, na anaupandisha taratibu, taratibu sana, na kuuzungusha.

"Anafanya nini?" Verlie ananiuliza. "Odelia, anamwambia nini?"

Mkaguzi kaacha kuandika. Kalamu iko hewani. Anautazama ule mkono, na mdomo wake umefunguka kidogo, na sasa anainama—anafungua kamba za buti zake, anazivua.