Ufunguo wa Cherehani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia, na kwamba magoti yake yamepunguza kelele. Mimi mdogo wako sijambo, ila nguo zangu zote zinanuka panya.

Usicheke. Wewe fundi wa magauni, mimi fundi wa panya. Katika maabara hii ya ubongo kazi yangu ni kubadilisha maranda, kujaza maji na kuwapeleka kwenye majaribio. Huko huwekwa wawili wawili, kila mmoja na kisanduku chake, na umeme kidogo wa kuudhi mkiani. Wa kwanza akizungusha gurudumu lake, umeme unakatika kwa wote. Gurudumu la wa pili halijaunganishwa na kitu. Wanaumia sawasawa, ila mmoja anajitoa mwenyewe, mwingine anatolewa.

Kati ya hao wa pili kulikuwa na mmoja mwenye sikio lililokatika, nikamwonea huruma. Unanijua. Daktari wa maabara alipotoka kupokea simu, nikawa namkatia umeme mapema kwa swichi, kila alipolia. Nilijiona mwokozi. Kesho yake wakapelekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi, ambamo anayeruka anaukwepa umeme. Mwenzake aliruka mara moja. Wangu, niliyempunguzia maumivu, alilala chini akakubali yaishe.

Nilikwenda kukiri. Daktari alikasirika, akalifuta jaribio zima, kisha akanikalisha. Alisema taabu ikizidi, ubongo hujilaza wenyewe. Hilo halihitaji kufundishwa. Kinachofundishwa ni kuweza. Mnyama akiona jitihada yake imezaa kitu, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hujifunza kuituliza ile ya ndani inayopiga kengele ya hatari, na siku nyingine hazidiwi kirahisi. Nikamwuliza kama wangu ndiyo basi tena. Akasema hapana, mradi avuke kwa miguu yake. Basi nikawa namsukuma taratibu, kila siku nikipunguza mkono. Siku ya sita aliruka peke yake, nikapiga kelele hadi mlinzi akaja mbio.

Sasa nivumilie, dada. Mama ameniandikia kwamba tangu pasi ikuunguze mkono, hata vifungo anakufunga yeye, na ukiulizwa habari za cherehani unasema ufunguo wa kifuniko ulipotea. Haukupotea. Niliuficha mimi, siku ile baada ya kuungua, uliposhona gauni ukakosea, ukalia mpaka jioni. Nilidhani nakuhurumia. Miezi saba nimeuweka ndani ya soksi, na leo naona aibu hata kuandika. Hospitali walishasema mkono umepona. Aliyelala ni mwenye mkono, na mimi ndiye niliyekulaza. Nisamehe.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Kufuli litakuwa limeshika kutu, litakusumbua kidogo. Mama asikufungulie.

Msalimie sana, mwambie akae kitini atulize mikono yake. Nasubiri unishonee shati. Likija na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, nitalivaa hivyohivyo kazini, na atakayeuliza nitamwambia limeshonwa na dada yangu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibandika jina la Kiherehere, na hukukosea.