Uji Ambao Haukuandikwa

Mkahawa wa Tamar,
S.L.P. 41,
Garsen.
9 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Hope,

Salamu za shangazi yako zikufikie zikiwa bado na unyevu wa mto. Hujambo huko Bergen? Kifua kimepoa? Nasikia mvua yenu ikija haiagi, hukaa tu kama mgeni aliyesahau kwao. Sisi tu wazima. Magoti yangu yananilalamikia, nayo yana haki: yamesimama mbele ya jiko miaka ishirini na miwili. Mama yako ana nguvu zake, na kelele zake pia.

Mpunga umetoa masuke. Asubuhi ukungu hulala mashambani hata watu huwaoni, waona madungu tu, vile vichanja vya walinzi, yakielea, na sauti za wanaoamia ndege wasile mpunga zikiitana kutoka mahali pasipo na mtu. Nikivuka kutafuta samaki husimama nikasahau nimefuata nini.

Mpango wako wa utafiti nimeusoma, kurasa zote kumi na moja. Penye maneno magumu alinisaidia Kibibi, muuguzi wetu wa zahanati. Nilifurahi kuona jina letu la Komora limepigwa chapa juu ya karatasi ya chuo kikuu. Lakini ukurasa wa saba umeninyima raha.

Juzi adhuhuri nilijilaza kwenye benchi la mkahawa nikaota. Nagawa uji. Foleni inatoka mlangoni, inavuka barabara, inaingia mtoni, na watu wamesimama majini hadi kiunoni, kimya, kila mmoja na kikombe chake. Wa mbele nawajua, wale tisini na sita wa utafiti wa kwanza. Wa nyuma wamo ukunguni. Nachota, nachota, sufuria haiishi, lakini mkono wangu hauwafikii. Wa mwisho kabisa ni baba yako, na kikombe amekishika kwa mkono wa kulia.

Mkono ule ule unaoning'inia tangu Agosti iliyopita.

Ndoto hiyo ndiyo imenikalisha niandike. Nitaipiga picha barua hii nikutumie kwa simu, maana mpango wako waupeleka mwisho wa mwezi. Karatasi yenyewe itakuja na posta ikitaka.

Utafiti wa kwanza wa dawa ya presha, mwaka juzi, wewe uliusoma kwenye ripoti. Mimi niliupikia. Walikuja watu mia mbili themanini na saba. Wakakataliwa wenye sukari, wasio na simu, wanaokaa mbali, na kila anayehama na shamba au mifugo. Dida, anayefuata ng'ombe zake, alimwambia karani, "Basi andika ng'ombe, mimi nitameza kwa niaba yao." Watu walicheka, naye akaenda zake. Walibaki tisini na sita. Kila asubuhi walipigiwa simu, wakaja kwangu, wakanywa uji, wakameza tembe mbele ya mtafiti. Presha ilishuka kwa themanini na mmoja. Watu themanini na wanne katika kila mia, Hope! Hata mimi nilipiga vigelegele.

Siwalaumu kwa hilo. Walitaka kujua kama dawa yenyewe ina nguvu, na anayetaka kujua hilo lazima kwanza aiondolee dawa kila kisingizio. Ni kama mtumbwi mpya: unaujaribu kwanza kwenye maji yaliyotulia. Lawama yangu ni kwamba baada ya hapo walitutia sote mtumbwini na mto umefurika. Dawa ililetwa zahanati, kila mwenye presha akapewa, na uji ukabaki jikoni. Ripoti nzima haina neno uji. Baada ya miezi sita mimi na Kibibi tulihesabu wagonjwa sitini. Presha ilikuwa imeshuka kwa kumi na tisa tu.

Mmoja wa wale arubaini na mmoja alikuwa baba yako. Kwenye kadi yake waliandika "mzembe". Nawe ulipiga simu ukamkemea. Sikukuambia kitu siku ile, kwa kuwa nilikuwa sijahesabu tembe zake. Sasa nimehesabu.

Mara ya mwisho alipewa tembe sitini za siku thelathini, moja asubuhi, moja jioni. Alipoanguka kwa kiharusi nilizikuta ndani ya kopo dunguni, zimebaki ishirini na sita. Maana yake alimeza thelathini na nne. Nikawaza siku mbili, kisha hesabu ikajifungua yenyewe: jioni thelathini, na Jumapili nne alizokuja kanisani akanywa chai na mandazi kwangu. Hakukosa hata moja aliyoelewa kuwa ni yake! Siku nyingine zote, wakati wa kuamia ndege, mtu hupanda dungu kabla ya jua na hali kitu mpaka ndege walale. Nilimwuliza, "Zadock, za asubuhi mbona hukumeza?"

Akanishangaa. "Dada, karatasi inasema baada ya chakula. Chakula hakijaja, dawa itangulie wapi? Mimi si mtu wa kuruka foleni."

Huyo ndiye mzembe wao.

Sasa rudi ukurasa wa saba. Juu umeandika kwamba wataka kujua dawa hii itawasaidiaje watu wa Garsen katika maisha yao. Chini umechagua wenye simu, wa karibu, wasio na ugonjwa mwingine, na kila asubuhi uji kwa Shangazi Tamar. Mwanangu, umeuliza swali la shambani ukajiandaa kulijibu jikoni kwangu.

Najua ulinipa kazi hiyo kwa upendo, na sufuria zangu zingeipenda. Siitaki. Mwandike Dida na ng'ombe zake. Waandike wenye sukari. Dawa atoe Kibibi, siku yake ya kawaida, na foleni yake ya kawaida, bila simu za kuamsha watu. Umesema ipo tembe ya mara moja kwa siku. Basi piga kura, nusu ya watu wapewe ile ya zamani na karatasi yake, nusu wapewe hiyo, waambiwe wameze ndege wakilala. Atakayepotea njiani usimfute, naye ni jibu. Na mwisho wa mwaka usitazame kipimo peke yake. Nenda ukaone nani bado ana mkono wa kurusha kombeo dunguni.

Baba yako yuko dunguni tena. Lile kopo amelifunga kwenye kamba, na tembe zake zile zilizochakaa zimo ndani. Akivuta, zinalia, ndege wanaruka. Jana nilisikia mlio wake ukunguni kabla sijamwona. Aliniuliza jambo moja tu: "Safari hii Hope ataniandika?" Nikamwambia jibu liko kwako.

Mama yako Truphena anakusalimu, Kibibi pia, na Dida anauliza kama huko kuna ng'ombe. Mungu akukinge na baridi hiyo, akupe kalamu nyepesi na macho ya kuona mbali. Baba yako anakusalimu kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Tamar Komora