Foleni Yangu, Faili Lake

Jumatatu, 10 Juni 2024
Melkiori amefuta jina langu! Ramani ya mashamba ya Masaki, kule Kisarawe, nimeichora mimi, mgongo unaniuma mpaka leo. Yeye kule kwenye mikorosho kazi yake ilikuwa kushika mwamvuli. Leo naifungua — pembeni, palipokuwa na Laurensia, pana Melkiori. Nikamuuliza. Akacheka, ati ofisi ni moja, dada, jina la nini? Sawa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni
Bosi katangaza: Alhamisi Melkiori ataonyesha ramani Masaki, mbele ya wanakijiji. Akifanya vizuri anapewa tawi la Kisarawe. Tawi nililoliomba mimi! Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Halafu nikakumbuka. Flashi zimepigwa marufuku kwa sababu ya virusi. Kila faili linalokwenda kwenye laptop ya Kisarawe linapita kwangu. Naingia kwenye laptop yao nikiwa hapa hapa Kibaha, napanga foleni, yanakwenda moja moja. Nani atangulie, nani asubiri — naamua mimi.

Jumatano, 12 Juni
Kaleta faili lake. Kaliita RAMANI MASAKI FAINO YA MWISHO KABISA. Ati dada, lirushe mapema, mie natangulia Kisarawe. Nimelirusha! Nyuma ya picha zote za droni, za Visiga, za Misugusugu, nzito kama magunia ya mkaa. Hakuna wa kunilaumu, zote zilitakiwa kwenda. Mimi foleni ya Morogoro Road imenila miaka. Na yeye akae kwenye yangu.

Jioni nimejinunulia chipsi kuku. Nimekula kwa raha zangu.

Alhamisi, 13 Juni
Naandika hapa mezani. Melkiori kanipigia kutoka Masaki, simu nimeiweka spika. Ati watu wamejaa, faili halionekani. Kwenye skrini yangu naiona laptop yao: mshale wa Melkiori unafungua folda, unafunga, unafungua tena. Tupu. Moyo wangu baridiii.

Amenipigia tena. Sauti imelainika, ati dada yangu, nakuomba, nipandishie langu juu. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kasahau kukata simu! Nasikia kila kitu. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa kijiji, anauliza, "Kijana, ramani iko wapi? Watu wameacha mihogo shambani."

Melkiori, kwa adabu zote: "Utusamehe, mzee wangu. Mimi nimekuja kuionyesha tu. Mchoraji ni dada Laurensia, yuko Kibaha. Ramani ni yake, na yeye ndiye tunayemsubiri."

Jina langu. Mbele ya kijiji kizima. Mtu kauliza Laurensia yupi, akalitaja mpaka la baba!

Minong'ono. Kisha bosi, kumbe naye yuko huko huko, kaichukua simu. "Laurensia, upo?"

Faili lake bado liko mkiani. Nikibofya mara moja linapanda juu, wanaiona ramani ukutani kwa projekta, na jina la Melkiori pembeni. Ramani ikifika, ni ya Melkiori. Isipofika, ni yangu.

Bosi anaita tena. Mkono uko kwenye mausi.