Ugonjwa wa Bibi Mwajuma

Handeni. Jumatatu, 8 Agosti 1938

Vidonda kumi na viwili kabla jua halijapanda. Nimefunga bendeji mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha wageni kutoka Mkata: Bibi Mwajuma, kabebwa kwa machela, na bintiye Zaina, naye mvi tupu. Bibi hana homa. Hakohoi. Haumwi popote. Hali chakula tu, na miguu imekataa. Hospitali hii haimpi kitanda asiye na ugonjwa. Zaina akanishika mkono. "Andika wowote, mwanangu. Nikirudi naye atanifia njiani."

Nimeandika malaria. Mimi, dresa, mfunga vidonda kwa miaka tisa!

Jumanne, 9 Agosti

Nimemsikiliza moyo kwa kipimo. Nilikusudia dakika moja, nikapiga magoti mpaka yakauma. Anasema Wajerumani walipofika alikuwa ameshazaa wanne. Tangu kabla ya hapo moyo huu haujapumzika hata mara moja, wala hakuna aliyeuamuru. Nimestaajabu mpaka nikaogopa.

Alhamisi, 11 Agosti

Daktari amekuja kutoka Korogwe. Akasoma malaria, akaagiza kwinini. Mwoga mkubwa mimi. Nimempa bibi kwa mkono wangu huu.

Ijumaa, 12 Agosti

Masikio yanamvuma kwa kwinini. Katapika uji. Alikuja mzima wa uzee wake, mimi nikamtia ugonjwa.

Daktari alilala hapa mjini. Nimemwahi kabla hajapanda lori, nikasema yote. Akafoka: uzee si ugonjwa, kitanda si cha wazee, na mimi si dresa bali mwongo. Kweli tupu. Hata hivyo akarudi wodini amwone. Akaweka kipimo kifuani kwa bibi. Akakaa. Akazidi kukaa. Alipoinuka hasira ilikuwa imemtoka. Kasema abaki, nisimpe dawa yoyote, uji na maji tu. Kazi yangu itaamuliwa baadaye.

Jumapili, 14 Agosti

Masikio yametulia tangu jana. Asubuhi vijiko vitatu vya uji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza mke wangu ananivumiliaje na mikono baridi hivi. Tukacheka wote watatu.

Adhuhuri moyo ulipunguza mwendo. Nilikuwa nausikiliza. Pigo moja, kimya kirefu, jingine. Kisha basi. Uso wake haukubadilika.

Zaina akaniuliza mama ameuawa na nini. Nikamwambia hakuna kilichomuua. Akashusha pumzi, akaniomba maji ya kumwosha.