Ati Nyota Haina Miguu

Kwako Mama mpendwa,

Natumai kifua kimeacha kukusumbua, na baridi ya huko Othaya imepunguza makali. Mimi huku Ujerumani niko mzima, ila nina hasira, na leo sitaificha.

Kariuki alinipigia simu jana. Ati watu wa Mwangi walikuja kutoka Kangema na matawi yao ya uchumba, wakayapanda hapo uani, na sasa mimi ni mke wa mtu! Nikamuuliza, "Na mimi je?" Huyo ndugu yangu, tangu akalie kiti cha marehemu Baba, akanijibu, "Wewe uko bize na nyota. Kuja tumalize hii maneno. Nyota haina miguu, itangoja."

Itangoja! Mama, ninachokiangalia si nyota hata. Ni galaksi, nyota zisizohesabika, na katikati kuna shimo jeusi. Gesi inayolizunguka humezwa, na nyingine hurushwa nje kwa mkondo mwembamba unaotuelekea sisi, kama mpira wa maji ulioelekezwa usoni. Humo hutoka miale ya gama, ambayo macho hayaioni. Setilaiti ndiyo hutuonyesha. Na galaksi hii haitulii! Ilinyamaza miezi mingi, wakubwa wangu wakasema imelala. Juzi, zamu ikiwa yangu, nikiwa nakunywa chai, miale yake ikapanda maradufu, na kabla ya jioni ilikuwa imeshuka tena. Nisingekuwa hapo, nani angewaambia wenye darubini waigeukie? Mlipuko ule ukipita umepita. Na Kariuki anataka niache zamu nije nikalishwe kitini nitazamwe.

Kinachoniuma zaidi, Mama, Mwangi nampenda. Angeniuliza, ningekubali hata kwa simu. Lakini tangu lini kwetu pombe ya muratina inanywewa kabla msichana hajaulizwa mbele ya watu, "Tunywe?" Wewe uliulizwa. Shosho aliyekuzaa aliulizwa. Mimi nimewekwa alama kama mbuzi!

Nisalimie Shosho, mwambie magoti yake nayaombea. Msalimie mjomba mchuma majani chai, na jirani anayekukamulia ng'ombe. Kariuki usimsalimie, mpe jembe ang'oe hayo matawi. Mwangi akitaka, ayalete tena nikiwa nimesimama hapo uani, anitazame na aniulize.

Nitakuja zamu zangu zikiisha. Hadi hapo mtungi wa muratina ufunikwe, na asionje mtu hata tone.

Binti yako ambaye hajaulizwa,
Nyambura