Mireni Amekufa Sura ya Nne

Kaka Damiano,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama alitufunza adabu, si kwa sababu moyo wangu unaitaka. Hali yako sikuulizi, maana hutanijibu, na mimi kwa sasa sina subira na mtu asiyejibu. Nimekasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya habari nyingine zote.

Nimekisoma kitabu. Kile cha Hadro mwana wa mhunzi, ulichokuwa ukinisimulia tangu nikiwa darasa la tatu. Nimekisoma mwenyewe, kwa Kiingereza chake, kamusi ya shule iko pembeni. Na Mireni amekufa. Amekufa sura ya nne, Damiano. Sura ya nne! Kitabu hakijafika hata unene wa kidole.

Usijifanye umesahau uongo wako, ngoja nikukumbushe. Mimi nimelala, selimundu imenishika, mifupa inauma mpaka shuka likinigusa napiga kelele. Wewe unarudi kutoka karakana, unanuka moshi wa kuchomelea, unageuza ndoo unaikalia karibu na kitanda changu. Unafungua kitabu. Macho yako Kiingereza, mdomo wako Kiswahili. Hadro anatoka kijijini kwao kwenda kumtafuta mtawala anayekula vivuli vya watu, na nyuma yake, juu ya farasi kipofu, yupo mdogo wake Mireni, mgonjwa mgonjwa kama mimi. Mireni akiumwa, jeshi zima linasimama. Majenerali wanavua kofia za chuma wanachemsha maji. Mireni ndiye aliyekaa mbele ya lango la mawe akapiga soga na mlinzi wake mpaka mlinzi akafungua mwenyewe, bila upanga.

Nilikuwa nakukatisha kila mara. "Na Mireni yuko wapi?" Unafunua ukurasa, unapitisha kidole kwenye mistari, unasema, "Yupo. Tulia." Mimi nadhani unamtafuta. Kumbe ulikuwa unaangalia ukurasa ambao hayupo, na miaka yote hiyo hukutetemeka hata mara moja. Nilipokuomba kitabu nikisome mwenyewe ulisema, "Kiingereza chake kigumu, utakichukia bure." Si kigumu hata kidogo. Kinasema hivi tu: theluji ilianguka, asubuhi msichana alikuwa wa baridi, kaka yake akamfunika kwa mawe, akachukua upanga. Basi. Kuanzia hapo hatajwi tena, isipokuwa pale Hadro anapotaka kukasirika ili apigane vizuri. Akimkumbuka, anakata vichwa kumi.

Kwa hiyo ndiyo kazi ya mtoto mgonjwa kwenye vitabu hivyo? Kufa mapema ili kaka yake apate sababu? Mwandishi amemleta akohoe kurasa chache, tumpende kidogo, halafu amchinje. Nilikitupa kitabu ukutani. Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeanguka.

"Nini tena?"

"Wameniua, Mama."

Akaniangalia, akaangalia kitabu pale chini. "Lakini si upo hapa?" akasema, akarudi kwenye ugali wake.

Nipo, ndiyo. Hilo nalo linanitia hasira, na bora nikwambie wewe maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Watu wote walijiandaa kwa ajili yangu. Mama alijiandaa, kanisani walinijua kwa maombi ya wagonjwa, majirani zetu hapa Maisaka wakiona mlango wetu umefunguliwa mapema mno walikuwa wanauliza kwanza habari zangu. Halafu lori likafeli breki kwenye mteremko, na wewe ulikuwa unarudi tu na pikipiki kutoka kufunga geti la watu. Wewe, uliyekuwa unabeba mabomba ya chuma begani ukiimba. Msibani, nikiwa nimekaa kwenye mkeka karibu na Mama, nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Tuliposikia kilio tulidhani ni yule mdogo." Wala hakusema kwa ubaya. Ndivyo kila mtu alivyodhani. Hata mimi ningedhani hivyo.

Sasa nikwambie ya Shangazi Elizabeti. Alishuka kutoka Mbulu kwa ajili ya mazishi, na matanga yalipoanuliwa hakurudi, akasema hawezi kumwacha Mama Damiano peke yake na mgonjwa. Akaanza kusafisha chumba chako. Nilikuwa uani nachambua maharage, nikaona moshi. Amerundika magunzi, na juu ya magunzi vile vitabu vyako vya katuni, vyote, ulivyokuwa unavichimbua kwenye marobota ya mitumba mnadani mpaka wauzaji wakakuzoea. Yule shujaa mwenye pembe alikuwa juu kabisa, uso wake unajikunja.

"Mapicha haya ya mashetani ndiyo yaliyoleta kifo humu ndani," alisema.

Damiano, nilimpigia kelele dada yake Baba. Mbele ya majirani waliokuja kutoa pole. "Ni breki, Shangazi! Lori halikuwa na shetani, halikuwa na breki!" Niliingiza mkono kwenye moto. Mama alinivuta. Nilipata kipande kimoja tu, mkono wenye glavu nyekundu ukishikilia daraja lisianguke. Shangazi akanitazama kama vile pembe zimeniota mimi.

Na nikwambie kitu kibaya zaidi. Nilipokaa chumbani nikilia, nilikuwa nimekasirika na Shangazi, lakini na wale mashujaa pia. Tulivyokuwa tunawacheka! Wewe ulikuwa unasema mashujaa wale makaburi yao yana milango. Toleo hili wanamzika kwa mvua na bendera, matoleo mawili mbele anaingia kupitia dirishani, ana nguo mpya. Nilipenda sana hilo. Nilipenda kujua mapema kwamba atarudi, nikawa nalia kwa raha. Sasa nimeona msiba wa kweli na naona walinitukana. Wanabomoa mji mzima wakipigana, maghorofa yanalala chini, na hakuna ukurasa hata mmoja wa mama aliyekuwa jikoni ghorofa ya tano. Wanasimamisha treni kwa kifua. Treni! Lori moja la mahindi hakuna aliyelisimamisha. Najua ni katuni. Usinijibu kwamba ni katuni.

Riwaya tatu za Hadro zilipona kwa sababu ulizifunika kwa karatasi ya kalenda ya kanisa. Shangazi alimwona Bikira Maria, akazipangusa vumbi, akazirudisha mezani. Ndivyo nilivyokisoma, ndivyo nilivyomkuta Mireni chini ya mawe.

Wiki ile ile niliyokitupa kitabu, maumivu yakaja. Yalianzia kwenye nyonga. Nilipelekwa hospitali, wakanitundikia dripu. Mama alikuwa amechoka, naona hata kusimama alikuwa anasimama kwa kuazima, basi mchana akabaki Shangazi. Sikutaka. Nilimgeuzia mgongo, kadiri mtu mwenye nyonga kama zangu anavyoweza kugeuza kitu. Alikaa. Akasali. Akakunja kitenge, akakikunjua. Mimi napiga kelele, yeye anamwita nesi, nesi anasema dawa ameshapewa, tusubiri ifanye kazi.

Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kaka yako alikuwa anakufanyia nini ukiumwa hivi?"

Nilitaka kumwambia haimhusu. "Alikuwa ananisimulia kitabu."

"Mimi sina kitabu," alisema. Kisha, "Basi nisimulie wewe."

Nikamsimulia kwa hasira. Nilitaka imuume. Nilimpa kama kilivyoandikwa, sikupunguza kitu: mhunzi, mtawala anayekula vivuli, kaka na dada njiani. Alikuwa anaitikia "ehee" kama wanavyofanya wazee wakisikiliza kesi. Akataka kujua mtu asiye na kivuli anahisije akitembea juani. Nikafika sura ya nne, nikasema theluji ilianguka, asubuhi msichana alikuwa wa baridi.

"Amekuwaje?"

"Amekufa, Shangazi."

"Amekufa kwa nini?"

"Ameandikwa hivyo. Ili kaka yake akasirike."

Shangazi alisimama. Nakwambia alisimama wima kati ya vitanda, na mama wa kitanda cha pili akageuka kumtazama. "Mwandishi gani huyo? Amuue mtoto wa watu hivihivi? Mtoto ameugua, ametoka kwao, amepanda farasi na homa yake, halafu hata vita hajaviona! Huyo mtu hana watoto? Rudi nyuma. Rudi hapo kwenye theluji. Simtaki amekufa."

Nilicheka, Damiano. Na kucheka kuliniumiza nyonga mpaka nikalia, na sijui nilikuwa nalia kwa kipi. Nikamwambia kuna namna nyingine ya kuisimulia. Akaketi. Nikamsimulia ya kwako, farasi kipofu, majenerali wakichemsha maji. Alisikiliza mpaka mwisho wa lango la mawe. Akanyoosha shuka langu bila kunigusa mguu, akasema, "Hii ndiyo aliyokuwa anakupa Damiano."

Alijua.

Kisha akauliza, "Na vile vya mapicha, navyo vilikuwa hivi?"

"Hutajua," nilisema. "Ulivichoma."

Aliinamisha kichwa. Sikumwonea huruma, na mpaka leo sijamsamehe. Lakini kesho yake alikuja kabla ya Mama, na uji kwenye chupa, na kabla hata ya kunipa pole aliuliza, "Mireni ameamkaje?"

Nimesharudi nyumbani. Mbaazi tumevuna, karakana yako wamempangisha fundi mwingine, geti letu linalia kwa kutu na Mama hataki mtu mwingine aliguse. Shangazi bado yupo. Jioni tukimaliza kuosha vyombo anavuta kigoda, ananiangalia. Tumefika pale wewe ulipoishia, katikati ya kitabu cha tatu, Hadro na Mireni walipofika kwenye mto na daraja limekatwa. Hapo ndipo hasira zangu zinapopanda upya. Kitabu hakina Mireni, hakiwezi kunisaidia. Umenijengea mtu wa kuishi naye, halafu umeniacha naye ng'ambo isiyo na daraja. Ungekuwa umenisomea ukweli, ningelia siku moja, nikiwa mtoto, wewe ukiwa hapo kwenye ndoo. Nimelia ukubwani, na ndoo imebaki ndoo.

Lakini nimelifikiria hili na nalisema mara moja tu, usilizoee. Kama ungenisomea ukweli siku zile, nikiwa na umri ule, na maumivu yale, ningemwamini mwandishi. Ningejua kazi yangu ni ipi, ningeifanya.

Jana Shangazi aliuliza watavukaje mto. Nikamwambia sijui bado. Akauliza na kaka yake je, atafika salama? Nikamwambia hapana, Hadro hafiki. Hakuuawa na mtawala, hakuna upanga, hakuna unabii. Ni ajali tu ya njiani, ya kijinga, isiyo na maana yoyote. Shangazi akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akasema, "Sawa. Na mtoto?"

Nakuahidi, Kaka, nitaimalizia mimi. Sitakurudisha kupitia dirishani, ungenicheka. Hadro atazikwa vizuri na watu wake, na Mireni hatachukua upanga wake wala hatakata kichwa cha mtu. Atapanda farasi wake na mifupa yake ile ile. Atavuka huo mto kwa njia nitakayoipata, hata kama Shangazi itabidi asubiri mpaka mahindi mengine. Na atafika kwa huyo mla vivuli akiwa amekasirika sana.

Lala, Damiano. Mimi bado nina hasira, na nina kazi.

Mdogo wako,
Paulina