Volyumu Mpya

Busia, Ijumaa

Dada Sakinah,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama huko Tororo. Usininunie kwa kuwa sipokei simu zako, mtandao wa huku umekuwa mbaya. Yule kuku uliyetuachia ameanza kutaga.

Ile amplifaya niliyojiundia, ya kupigia muziki harusini, ilikuwa imefifia sauti. Nikasema volyumu, kile kidude cha kuzungusha ili kuongeza sauti, imechakaa. Nikanunua mpya, nikalehemu nyaya kwenye miguu yake mitatu. Kwanza nilizikosea, ukizungusha kulia sauti inapungua. Mke wangu Nuriat alicheka mpaka akakaa chini. Nikazichomoa, nikarudia.

Nilipowasha, sauti bado ilikuwa chini. Nikazungusha mpaka mwisho. Ndipo nikaona vikombe vinatetemeka kabatini, na Nuriat yuko mlangoni, ameziba masikio, mdomo unafunguka na kufumbika. Kumbe alikuwa ananiita.

Nimemwambia nimeuziwa volyumu mbovu. Kesho nina harusi huko Masinya, na sijui nitajuaje kama muziki unawatosha watu au unawaumiza.

Mama asijue. Na mtandao wa huku hauna shida yoyote, dada. Wewe niandikie tu.

Mdogo wako,
Swaliki